Birika Lililosuguliwa Mpaka Likawa Kioo

Kwanza nijibu lile swali, maana nisipolijibu najua hamtasoma mengine. Birika la kahawa lililo juu ya kabati la vikombe, lile la chuma lenye kifuniko cha duara na mpini mweusi, halikutengenezwa likiwa linang'aa hivyo. Lilitoka kwao na rangi ya kijivu iliyotulia, na huo ndio ulikuwa uzuri wake. Mikwaruzo mnayoiona mkiligeuzia dirishani ni ya majivu ya pumba za mpunga na majani ya msasa. Aliyelisugua ni mwalimu wangu, Mzee Kasiani, mpishi mkuu wa nyumba hii ya wageni miaka ya tisini. Kabla hamjamcheka, naomba mnisikilize.

Siku mliyoniaga, wenzangu wa jikoni, mlinitaka niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Vyeo sitaviandika. Vyeo viko kwenye mafaili, na sijawahi kuona faili likipika. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na habari za birika hilo, kwa sababu kwangu mimi hayo matatu hayaachani.

Nilikuja Ifakara kutoka Namawala nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mpunga kwenye pikapu, kanga zangu mbili zimo kwenye mfuko wa rambo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani nikilima na kufukuza ndege shambani mpaka nikachoka kuwapigia kelele kunguru na kweche. Shangazi yangu wa Mlabani ndiye aliyesikia kwamba jikoni hapa wanatafuta mtu. Nikamkuta Mzee Kasiani amesimama mlangoni, aproni nyeupe, nywele nyeupe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete mikono."

Nikampa. Akaipapasa viganja, akazikuta sugu za jembe, akaguna. "Hii imefanya kazi. Haya, sugua sufuria lile."

Kwa macho yangu sufuria lilikuwa safi. Nikalisugua kwa sabuni, akasema bado. Nikachota majivu ya pumba kule nyuma, nikasugua tena, akasema bado. Akanipa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kuliko ulimi wa ng'ombe, nikasugua mpaka vidole vikawaka. Adhuhuri ndipo akaridhika. "Mgeni haoni jiko," akaniambia. "Akipita nyuma akaona masufuria yameanikwa, hapo ndipo anajua anakula kwa nani." Wasichana wote wa bonde hili tumelelewa hivyo. Mwali anayeolewa na sufuria jeusi, mawifi wanaanza kumsema kabla hajapika. Kwa hiyo sikushangaa, ila nilijua nimepata mtu mkali.

Ukali wake ulikuwa na faida. Alinifundisha kupika kwa masikio. Alinisimamisha karibu na sufuria la wali akaniambia nifunge mdomo. "Sikiliza. Maji yakiacha kuongea, punguza moto, palia makaa juu." Perege akiwa kwenye mafuta, aliijua saa ya kumgeuza kwa mlio wake. Ukoko aliusikia harufu kabla haujashika. Hata juzi mlipokuwa mkiniona naegemea jikoni nimefumba macho, sikuwa nasinzia.

Wageni nao walikuwa shule. Tulimpata bwana mmoja asiyekula chochote chenye kichwa, na siku hiyo tulikuwa na samaki tu. Tulimpata mwingine aliyerudisha wali mara tatu kwa sababu anautaka mkavu zaidi. Mara ya nne Mzee Kasiani akampelekea mchele. Bwana yule akacheka mpaka akatoa miwani, na toka hapo akala alichopewa.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa Mzee rohoni. Siku moja mgeni aling'ata jiwe kwenye wali, na msimamizi wa nyumba, Bwana Mahundi, akaja jikoni mwenyewe. Bwana Mahundi alikuwa mtu wa kaunda suti iliyonyooshwa, sauti yake inatangulia kufika kabla yake. Akasema mbele yetu sote: "Mzee Kasiani, jiwe jingine likionekana kwenye sahani, utakwenda kupumzika kwenu Mahenge. Nimeshampata kijana wa chuo cha hoteli."

Nyumbani kwa Mzee kulikuwa na mke mgonjwa wa miguu na wajukuu walioachwa na binti yake marehemu, na wote walikula kutokana na jiko hili. Mahenge hakuwa na shamba tena, na umri wake si wa kuanza upya mahali. Baada ya hapo kazi ya kuchagua mchele akanipa mimi. Alisema mgongo unamuuma akiinamia ungo, nami nikaamini ni mgongo.

Nilikuwa nimekwishazoea kazi alipokuja Madam Paola. Alikuwa injinia wa mradi wa visima, mwanamke mrefu mwenye buti, Mwitaliano aliyejifunza Kiswahili kwa mafundi wa kuchimba, kwa hiyo maneno mengine alitakiwa ayasahau. Aliingia jikoni siku ya pili tu, akamwamkia Mzee shikamoo kwa heshima zote, kisha akafungua taulo alilokumbatia kama mtoto. Ndani kulikuwa na birika.

Nawaambieni ukweli, sikuwa nimeona chombo cha jikoni kilichonifanya ninyamaze. Mabirika yetu yana tumbo na mdomo, basi. Hili lilikuwa limesimama wima, jembamba, kifuniko chake kama paa dogo la kanisa, na rangi yake ya kijivu haikuakisi kitu, ilikunywa mwanga tu. Madam akashika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono mwingine, akazungusha, likafunguka katikati. Mzee Kasiani akasogea.

"Maji yanakaa chini," Madam akaeleza. "Kahawa inakaa katikati, kwenye hiki kichujio chenye mguu. Maji yakichemka yanakosa pa kwenda, yanapanda, yanapita kwenye kahawa, yanatokea juu. Chini hayarudi."

"Yanapanda yenyewe?" Mzee akauliza.

"Yenyewe. Mvuke unayasukuma."

"Na ukizidi?"

Akamwonyesha kivali, tundu dogo la kupumulia pembeni. "Ukizidi unatokea hapa. Usikizibe kamwe."

Mzee akachukua kila kipande akakipapasa, mpira wa katikati, nyuzi za kukazia, ukingo wa mdomo. Alikaa navyo muda mrefu. "Nani amelitengeneza hili?"

"Aliyelichora ni msanifu wa majumba," Madam akasema.

"Basi nyumba zake hazivuji," akasema Mzee, na jiko zima likacheka. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na tangu siku ile msemo huo nausikia kwa sauti yake.

Kuliona ni jambo moja, kulipikia ni jingine. Buni tulikuwa tunaagiza kutoka Mbeya, inakuja na treni, tunakwenda kuipokea stesheni. Nikaikaanga kwenye kikaango mpaka ikawa ya kahawia, nikaitwanga kwenye kinu kama ninavyotwanga kila kitu, ikawa unga laini. Nilijisifu. Birika likawekwa juu ya jiko la mkaa, tukangoja. Juu hakikutoka kitu, ila kivali cha pembeni kikapiga mluzi na mvuke ukarushwa hadi kwenye kanga yangu. Madam akaja mbio. Unga ulikuwa laini mno, maji yameshindwa kupita. Toka hapo nikawa natwanga kidogo, nachekecha, kinachobaki kwenye chekeche narudisha kinuni, mpaka nikapata chenga kama za mchanga wa mtoni. Moto wa mkaa nao ulikuwa mpana kuliko kitako cha birika, ungeunguza mpini, kwa hiyo tukahamia jiko la mafuta ya taa, tambi zimeshushwa.

Hapo ndipo uzuri wa chombo ulipojionyesha. Mpini ulikaa mbali na joto, haukuhitaji kitambaa. Kifuniko kiliinuliwa kwa dole gumba la mkono uleule unaomimina. Mdomo ulikatwa hivi kwamba tone la mwisho lilirudi ndani badala ya kuteremka nje na kuchafua meza. Ukilikaza, mkono wenyewe ulikuambia limefika. Aliyelichora alikuwa amemfikiria mtu wa jikoni, mtu mwenye mkono mmoja uliolowa na mwingine una kitu, na mimi kwa jambo hilo tu nikampenda bila kumjua.

Na hakuna aliyeliweza kama Mzee Kasiani. Alililinda kwa masikio. Kwanza kimya, kisha pumzi ndogo, kisha kahawa inaanza kupanda kwa sauti ya mtu anayenong'ona. Kabla halijaanza kukoroma, yeye ameshalitoa motoni. "Likikoroma limeunguza," alisema. Madam aliionja ya kwanza akakaa chini kwenye gunia la viazi. "Hata mama yangu hapati hivi," akasema. Wageni wakaanza kuiulizia mezani, na ile habari ya kijana wa chuo cha hoteli ikapoa.

Kisha mvua zikaja. Madam alikuwa amevuka Kivukoni kwenda vijiji vya ng'ambo kukagua visima, mto ukafurika, kivuko kikasimama. Alikwama huko wiki kadhaa. Birika alikuwa ametuachia, na Mzee akaanza kulihangaikia.

"Anje, mbona birika hili limefifia?"

"Ndiyo rangi yake, mzee."

"Chuma hakina rangi ya majivu, mwanangu. Madam akirudi akute hivi atasema jikoni hapa hamna watu." Akaenda nyuma kuchota majivu ya pumba.

Nilidhani atasugua mara moja aone rangi haitoki. Kumbe inatoka. Kila alasiri, vyombo vikiisha, alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango akisugua birika kwa majivu na msasa, kwa upendo ambao hata masufuria hakuwa ameyapa. Rangi ya kijivu ikaondoka mabegani, ikaondoka tumboni, chini yake kukatokea chuma kinachong'aa. Siku nilipoliinua nikaona meno yangu mwenyewe ndani yake nikamwambia, "Mzee, acha sasa. Limekuwa kioo."

Akalichukua akalielekeza kwenye mwanga wa mlango. "Bado," akasema. "Bado lina ukungu."

Ukungu haukuwepo. Nilimtazama nikidhani ananitania, na mwanga wa mlango ulikuwa umempiga usoni, nikaona kitu ambacho kwa muda wote ule sikuwa nimekitazama. Mboni za macho yake yote mawili zilikuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Mara nikaelewa. Mgongo haukuwa mgongo. Mawe kwenye wali, masufuria yasiyoridhisha kamwe, ile elimu ya masikio, yote yalikuwa na mzizi mmoja. Kila kitu alichokishika kilikuwa na ukungu, naye mtu safi, akaamua kwamba ni uchafu.

Nadhani alinisikia nilivyonyamaza. Akaliweka birika mapajani. "Usiseme, Anje."

"Mzee, lakini..."

"Mpishi asiyeona, nani atamweka? Na wale watoto nitawalisha nini?"

Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kumenya vitunguu, ambavyo vina faida hiyo.

Maji yalipopungua Madam akarudi, tope mpaka magotini. Hakwenda hata chumbani, alikuja jikoni moja kwa moja kudai kahawa. Akaliona birika. Alilinyanyua, akaligeuza upande huu na upande ule, na uso wake ukaishiwa rangi. Birika lile alikuwa amelibeba nchi hadi nchi kabla ya kufika kwetu.

"Nani amefanya hivi?"

Mzee Kasiani akanyoosha mgongo. "Ni mimi, Madam. Samahani halijaisha. Kesho litakuwa safi."

Madam akafungua mdomo, kisha akaufunga. Alimtazama Mzee, akalitazama birika ambalo mtu angeweza kujitazamia akinyoa ndevu, akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Wakati huohuo sauti ya Bwana Mahundi ikatangulia mlangoni, na yeye akafuata.

"Kuna tatizo, Madam? Mpishi ameharibu kitu?"

Mikono ya Mzee ikashika aproni. Nilijua neno moja tu la kweli linatosha kumtoa kwenye jiko lile, na ukweli wenyewe ulikuwa mkononi mwa Madam, unang'aa.

"Hakuna tatizo," akasema Madam. "Nilikuwa nauliza nani amelisafisha. Kwetu hakuna anayejua kusafisha hivi." Na hapo hakudanganya.

Bwana Mahundi alipoondoka, Madam akavuta gunia la viazi akaketi mbele ya Mzee, akamtazama mboni kwa karibu, akamweleza polepole. Akasema ukungu ule wa machoni ni mtoto wa jicho, si upofu wa kudumu. Akasema madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali muda si mrefu na wanautoa. Mzee akakataa. Kaka yake mkubwa alipelekwa kwa mganga akachomwa jicho kwa sindano, jicho likatoka usaha, akafa haoni. "Mimi bado naona mlango na naona moto," akasema. "Mpishi anahitaji nini zaidi?"

"Mawe," nikasema. Lilinitoka tu. Mzee akageukia upande wangu, na mimi nikaomba ardhi ipasuke, lakini neno lilikuwa limekwishatoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwake yeye kifo kilikuwa ile sahani moja itakayokuja na jiwe.

Kilichomgeuza ni birika lenyewe. Siku chache baadaye lilianza kuvuja katikati, mvuke unatoka kwenye maungio na kahawa haipandi. Mzee alilifungua akaupapasa mpira. Ulikuwa umekakamaa umepasuka. Madam alikuwa na mipira mingine kwenye sanduku lake la vifaa, akampa mmoja. Mzee akautoa wa zamani kwa ncha ya kijiko, akaubandika mpya, akakaza, akaliweka motoni. Kahawa ikapanda kama zamani. Akalisikiliza birika, halafu akasema bila kugeuka:

"Madam. Huko kwenye jicho, wanatoa nini?"

"Wanatoa kioo cha ndani kilichochafuka."

"Wakishatoa?"

"Wanaweka kingine. Kidogo hivi, kisafi."

"Kumbe jicho nalo lina spea," akasema Mzee Kasiani. Akamimina kahawa, tone la mwisho likarudi ndani. "Haya. Niandikisheni."

Madam akamwambia Bwana Mahundi kwamba Mzee ana likizo zake nyingi ambazo hajazichukua, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Bwana Mahundi hakuwa mtu wa kumbishia injinia wa mradi. Nikaachiwa jiko. Jioni nilipita hospitali kumpelekea uji, nikamkuta amefungwa bandeji, anawaelekeza wauguzi jinsi ya kupika uji usiwe na mabonge. Jicho moja lilitangulia, la pili likafuata kabla la kwanza halijafunguliwa, na siku ya kufunguliwa mimi nilikuwa jikoni. Nilimwogopea kuliko nilivyowahi kumwogopea mtu. Kila nikiingia wodini nilitangulia kunusa kama kuna usaha, na kila siku ilikuwa harufu ya dawa tu.

Asubuhi aliyorudi kazini mimi nilikuwa bombani. Walionihadithia wanasema aliingia jikoni taratibu akiwa na miwani myeusi, akaivua, akatazama kuta, akatazama masufuria yaliyotundikwa. Akalichukua birika. Akaliona lilivyo, kioo kitupu, limejaa mikwaruzo, na akaiona rangi ya kijivu iliyobaki kidogo chini ya mpini, mahali kidole chake hakikufika. Wanasema aliifuata kwa ukucha akanong'ona, "Mungu wangu, lilikuwa zuri hivi." Bwana Mahundi akaingia kumsalimu, na Mzee akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, kaunda suti na yote. Baadaye akatuambia, "Kumbe ni kijana mfupi tu. Mimi nilikuwa naogopa sauti."

Mimi nikaingia na ndoo kichwani, nyingine mkononi. Akanitazama bila kunijua.

"Karibu binti. Unamtafuta nani?"

"Shikamoo mzee," nikasema.

Nina sauti nzito, nimeirithi kwa baba. Hata leo kwenye simu watu huniita kaka. Mzee Kasiani akaliweka birika mezani.

"Anje?"

"Ndiyo, mzee."

Akaja karibu. Akanitazama paji la uso, mashavu, shingo chini ya ndoo, mikono yangu ambayo aliifahamu kuliko mimi mwenyewe. Machozi yalimtoka kwenye macho yale mapya na hakuyafuta.

"Wewe ni mtoto," akasema. "Nilidhani nafanya kazi na mama mtu mzima. Nimekutuma, nimekufokea, nimekubebesha magunia. Kumbe muda wote huu wewe ni mtoto."

Akanitua ndoo ya kichwani, akachukua na ya mkononi, akazibeba mpaka kwenye pipa. Tangu asubuhi ile mpaka alipostaafu, maji ya jikoni aliyachota yeye.